Mshenga Aliyesema Kweli

Bibi yangu mzaa mama hakujua Kihindi wala Kiurdu, lakini alijua pa kucheka. Kila tulipokwenda Tanga likizo ya Desemba, mjomba aliwasha deki akaweka mkanda wa Sholay, mkanda uliochezwa mpaka upande mmoja wa televisheni ukawa na mistari kama mvua inanyesha. Bibi alikaa chini, miguu kainyoosha, ungo mapajani, anachambua mchele. Majambazi wakifyatua bunduki, anachambua. Nyimbo zikianza, anachambua huku anaufuatisha muziki kwa kuguna. Ila likikaribia lile tukio la kijana mrefu anayekwenda kumposea rafiki yake, ungo uliwekwa pembeni. Alianza kucheka kabla kijana hajafungua kinywa.

"Mshenga gani huyo, jamani," alisema akifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mshenga gani huyo!"

Historia ya tukio hilo nimekuja kuitafuta ukubwani, na nilikuwa na sababu yangu, ambayo nitaifikia. Kwanza tukio lenyewe, kwa ajili ya msomaji aliyezaliwa deki zilipokwisha.

Sholay ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, ikiongozwa na Ramesh Sippy. Wahuni wawili, Jai na Veeru, wanakodiwa na afisa wa zamani wa polisi ili wamkamate jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Wanahamia kijijini kwa afisa huyo, na hapo Veeru anampenda Basanti, binti anayeendesha gari la farasi na ambaye maneno hayamwishi. Basanti analelewa na mama yake mdogo. Wahindi humwita mausi, dada wa mama. Veeru hana mzazi wa kumtuma, hana mjomba, hana ami. Ana Jai tu. Basi Jai anakwenda kuposa.

Mausi anauliza yale ambayo mzazi yeyote angeuliza. Kijana anafanya kazi gani? Anaingiza kiasi gani? Jai anajibu kwa upole wote, mikono imetulia. Kazi, anasema, ataanza kuitafuta atakapokuwa na familia ya kulisha. Kwa hiyo sasa hana kipato? Hapana mausi, sijasema hivyo, kipato anacho, ila mtu hawezi kushinda kila siku, siku nyingine lazima aliwe. Aliwe? Ndiyo, kamari ndivyo ilivyo. Mama wa watu anashtuka: ni mcheza kamari! La hasha, anasema Jai, ni kijana mwema sana, ila akishalewa ndipo hatofautishi jema na baya. Kumbe mlevi! Hata kidogo, akishaacha tu kwenda kwa yule mwanamke wa kuimba, pombe itamtoka yenyewe. Na ukoo wake? Tukishaujua tutakuletea habari mara moja. Kila sentensi inaanza kwa kumtetea Veeru na kwisha kwa kumzika. Mwisho mausi anamwambia kuwa ni ajabu, rafiki ana kasoro zote hizi na bado mdomoni mwake zinatoka sifa tupu. Jai anainamisha macho kama mtu aliyepewa shukrani. Halafu anauliza kama posa imekubaliwa.

Haikukubaliwa. Veeru akalewa, akapanda juu ya tangi la maji la kijiji, akatishia kujirusha. Hilo nalo ni tukio mashuhuri, na watu wengi hulitaja kwanza. Mimi siku zote naona ni mzaha mdogo uliobebwa na mzaha mkubwa.

Mjomba ndiye aliyekuwa akitutafsiria. Alifanya kazi ujanani kwenye duka la vitambaa la Wahindi, akaokota lugha. Bibi alimsikiliza kwa sikio moja, kwa sababu alikuwa na maneno yake mwenyewe aliyoyanasa bila msaada: dunia, wakati, habari, mahaba, adabu. Alisadiki kwamba watu wale wanazungumza Kiswahili kibovu. Nilimcheka kwa hilo miaka mingi. Siku hizi simcheki sana.

Duniani kote Sholay inaitwa filamu ya Kihindi. Karatasi ambayo maneno yake yaliandikwa kwanza, hata hivyo, ilikuwa na herufi za Kiurdu, zile zinazotoka kulia kwenda kushoto. Waandishi walikuwa wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, na aliyeshika kalamu ya mazungumzo ni Javed. Aliandika kwa hati ya Kiurdu, kisha msaidizi akanakili yote kwa hati ya Devanagari ili wale wanaosoma Kihindi waweze kuisoma. Lugha ya mdomoni ni ile ile. Muuza mboga wa Delhi na muuza mboga wa Lahore wanaelewana bila mkalimani. Kilichozitenga lugha hizi mbili ni hati, misamiati ya ofisini na ya vitabuni, na siasa ndefu iliyofikia kilele chake mwaka 1947, India ilipokatwa na Pakistan ikazaliwa. Kiurdu kikawa lugha ya taifa ya Pakistan. India ikachagua Kihindi cha Devanagari kuwa lugha rasmi ya serikali kuu. Katikati ya mgawanyo huo studio za Bombay ziliendelea kuajiri washairi na waandishi wa Kiurdu, kwa sababu ndio waliojua mapenzi yanasemwaje na matani yanatupwaje. Hata jina la filamu ni la kwao: sholay ni miale ya moto, neno lililotoka kwenye Kiarabu, likapita Kiajemi.

Nilipoyasoma haya nilikumbuka daftari la bibi. Alikuwa na daftari la mahesabu ya upatu, Kiswahili kitupu, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni. Mimi, mjukuu mwenye shahada, siwezi kusoma hata ukurasa mmoja wa daftari lile. Ni lugha yangu na siioni.

Kiurdu kilichangia kitu kingine katika posa ya Jai, na bila hicho kichekesho kisingekuwepo. Ni ile adabu. Katika nyumba za Waislamu wa kaskazini mwa India, mjini Lucknow hasa, mtu alifunzwa tangu utotoni kwamba jambo baya halisemwi uchi, linavishwa kwanza. Unamwita mkubwa kwa wingi wa heshima, unajishusha, unakataa kwa kukubali. Watani wa Lucknow wana kisa cha mabwana wawili waliokosa treni kwa sababu kila mmoja alimwambia mwenzake atangulie kupanda. Javed alilelewa humo. Alizaliwa Gwalior mwaka 1945, baba yake Jan Nisar Akhtar alikuwa mshairi, mjomba wake Majaz alikuwa mshairi, mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, akakua kwa ndugu huko Lucknow na Aligarh. Jai anapomwambia mausi kuwa rafiki yake ni mcheza kamari, anatumia nguo zote za adabu ile. Maneno ni ya mshenga kamili. Habari ndiyo ya kumfukuzisha. Nadhani ndiyo maana bibi alicheka hata tafsiri ya mjomba ilipochelewa. Mwanamke wa pwani anaujua muziki wa mtu anayesema jambo zito kwa sauti ya kumwaga maziwa.

Waandishi hawa wawili walikuwa marafiki kabla ya kuwa kampuni. Salim, mkubwa kwa miaka tisa, mtoto wa afisa wa polisi wa Indore, alikuja Bombay kuwa stelingi, sura anayo, bahati hana. Javed alifika mwaka 1964 bila fedha, akalala kwenye viambaza vya studio. Kabla ya hapo alisoma chuo Bhopal akiishi kwa ukarimu wa marafiki, na ameandika kwamba siku ya kuondoka mmoja wao, kijana wa Kisikh, alivua bangili yake ya chuma mkononi akampa. Ameendelea kuivaa. Salim na Javed walikutana kwenye utengenezaji wa filamu ndogo iliyotoka mwaka 1966, Sarhadi Lootera, mmoja akiwa mwigizaji na mwingine kijana wa kazi ndogondogo za seti. Wakaanza kuandika pamoja.

Wakati huo mwandishi wa sinema alikuwa hahesabiwi. Filamu yao Zanjeer ilipokaribia kutoka mwaka 1973, mabango yalijaa Bombay bila majina yao. Wakamkodi mtu mwenye gari na rangi, azunguke mji mzima usiku akipiga muhuri wa jina lao juu ya kila bango. Fundi hakuwa mwangalifu. Asubuhi watu walikuta maandishi "Salim-Javed" yamepita kwenye pua ya stelingi, kwenye mkono wa adui, popote brashi ilipoangukia. Nakipenda kisa hiki kuliko tuzo zote walizopata baadaye. Ni utundu wa Jai na Veeru wenyewe, na majina hayo nayo waliyachukua kwa marafiki wa Salim wa enzi za chuo.

Sasa posa. Mwaka 1972 walikuwa wameshiriki kuandika Seeta Aur Geeta, na mmoja wa waigizaji wake alikuwa Honey Irani, binti aliyekuwa kwenye sinema tangu utotoni. Honey amesimulia kuwa siku moja kwenye mapumziko watu walikuwa wakicheza karata na Javed alikuwa analiwa vibaya. Akamwambia lete nikuchagulie karata. Javed akasema karata ikiwa nzuri, nitakuoa. Ikawa nzuri. Hivyo mwandishi wa Veeru aliposa katikati ya kamari, kabla Veeru hajazaliwa. Na kama Veeru, alihitaji mtu wa kwenda kwa wakubwa. Salim akaenda kwa mama yake Honey. Mwenyewe amesimulia kwamba hakumpamba rafiki yake kwa mama yule, na waandishi wote wawili wamesema tukio la mausi lilichotwa kwenye ziara ile. Tofauti ni kwamba mama wa kweli alikubali.

Ndoa ile haikudumu. Waliachana, kila mtu akashika njia yake. Lakini walizaa watoto wawili, Zoya na Farhan, ambao wote wakawa waongozaji. Farhan ndiye aliyetengeneza Dil Chahta Hai mwaka 2001, Zoya akatengeneza Zindagi Na Milegi Dobara mwaka 2011. Kama wewe ni wa rika langu, hizo ndizo picha mbili za urafiki tulizokuwa tukizihamisha kwa flashi bwenini. Sikujua wakati huo kwamba zinatoka kwenye karata moja.

Nimeahidi kueleza sababu yangu.

Mwaka 2018 rafiki yangu aliamua kuoa. Tulikuwa pamoja tangu kidato cha kwanza, tumelala vitanda vya juu na chini, tumegawana sabuni. Mshenga rasmi alikuwa mzee wa mtaani kwao. Mimi nilikwenda kama kijana wa kusindikiza, kwa maana nyingine kubeba maji na kucheka panapostahili. Nyumbani kwa binti, Morogoro, mazungumzo yalikwenda vizuri. Wakati wazee wanapanga tarehe, shangazi yake binti aliniita uani, karibu na jiko. Alikuwa na mwiko mkononi. Akasema wazee wamesema ya wazee, wewe ndiye mwenzake, hebu niambie mwenyewe tabia zake.

Nikamwambia ni mpole, mcheshi, hanywi, anawapenda wazazi wake. Yote kweli. Akaniangalia. "Hana jingine?"

"Hana, shangazi."

Wiki ile rafiki yangu alikuwa ameuza kompyuta yake ndogo kwa ajili ya kubeti. Mimi nilikuwa namdai shilingi 300,000. Nilikuwa nimeona mikeka yake kwenye simu, timu za ligi ambazo hata majina hatuwezi kuyatamka, na nilikuwa nimecheka naye siku moja iliposhinda na tukaila hela hiyo kwa kuku wa kuchoma. Niliamini ninachofanya uani pale ni urafiki. Nilitoka nikiwa najiona hodari.

Ndoa ilifika mwaka wa tatu. Mke wake alikuwa mweka hazina wa kikoba, na siku moja sanduku la kikoba likafunguliwa halina kitu. Mengine unaweza kuyakisia. Kilichonishangaza ni simu niliyopigiwa na rafiki yangu baada ya kuachana. Nilitegemea aombe fedha. Akasema: "Wewe ulikuwa unajua tangu mwanzo, na hata siku moja hukuwahi kuniambia kitu." Akakata. Tangu hapo hatujazungumza.

Ndipo nilipoanza kuitazama Sholay upya, usiku, kwenye simu, na kuona kitu ambacho kwenye mkanda wa mjomba sikukiona. Jai kazi yake katika filamu nzima ni kumfichua Veeru. Kwa mausi anamfichua. Veeru anapojificha nyuma ya sanamu ya Shiva na kujifanya sauti ya mungu ili Basanti akubali kuolewa, Jai ndiye anayemtoa binti pale na kumwonyesha ujanja wote. Hamwonei aibu, hamfuniki. Na Veeru kila akikasirika, hasira inakwisha kabla ya tukio linalofuata, kwa sababu hakuna alichofichuliwa ambacho Jai hakuwahi kumwambia usoni.

Jai ana uongo mmoja tu. Tangu mwanzo wa picha, wakishindwa kuamua jambo, anarusha sarafu. Kichwa tunapigana, mkia tunakimbia. Kichwa hutokea daima. Mwishoni, wamezingirwa darajani na risasi zimekwisha, sarafu inaamua kwamba Veeru aende kutafuta risasi na Jai abaki. Jai akifa, Veeru anaiokota sarafu na kuigeuza. Ina vichwa pande zote mbili.

Bibi hakuipenda sehemu hiyo. Kwenye vibanda vya video tulikuwa na sheria yetu, stelingi hafi, na bibi aliishika sheria hiyo kuliko sisi. "Wamekosea," alisema kila mwaka, akarudi kwenye ungo. Alikuwa na wenzake wengi. Filamu ilipotoka, wiki za mwanzo zilikuwa baridi, na India Today ikaifananisha na kaa lililozimika, kejeli iliyolenga jina lake. Watengenezaji wakajadili kwa dhati kurudi kupiga upya mwisho ili Jai apone. Salim na Javed wakasema subirini. Kisha watu wakaanza kurudi mara ya pili na ya tatu, wakitamka mazungumzo pamoja na waigizaji. Kampuni ya santuri ikatoa sahani ya maneno matupu, bila nyimbo, na watu wakainunua wakaicheza kama muziki. Bombay, kwenye ukumbi wa Minerva, picha iliendelea kwa miaka mitano.

Mwisho mwingine ndio uliobadilishwa. India ilikuwa kwenye hali ya hatari aliyoitangaza Indira Gandhi mwezi Juni mwaka huo, magazeti yakikaguliwa na wapinzani wakiwa gerezani. Wakaguzi wa filamu hawakutaka afisa wa zamani wa polisi amuue Gabbar kwa mikono yake, au niseme kwa miguu yake, maana mikono Gabbar alishamkata. Ikabidi polisi waingie dakika ya mwisho na kusema sheria ifuate mkondo. Wakati huohuo walimwacha mkuu wa jela aliyechezwa na Asrani, mwenye masharubu ya Hitler, akitembea kama Chaplin kwenye The Great Dictator, akijisifia kazi aliyoianza enzi za Waingereza na kugawa askari wake kushoto na kulia mpaka anabaki peke yake. Mkaguzi alipoona jela, nadhani, alicheka, na aliyecheka hashiki mkasi. Pia walimwacha Soorma Bhopali, muuza kuni mwongo, aliyechezwa na Jagdeep kwa Kiurdu cha mtaani cha Bhopal, lafudhi ambayo Javed aliibeba kutoka miaka yake ya chuo. Bhopal iliyomlisha bure ilipata malipo yake kwa kuchekwa na nchi nzima, na nasikia haikununa.

Kuna posa ya pili kwenye Sholay. Watu huisahau. Radha ni mkwe wa yule afisa wa polisi, mjane kijana wa nguo nyeupe, anayezima taa za baraza kila usiku wakati Jai anapuliza kinanda cha mdomo ng'ambo ya ua. Hawasemezani karibu kabisa. Afisa anapojua, anavaa, anakwenda kwa baba yake Radha kumwomba aruhusu mjane aolewe tena. Hakuna mzaha humo hata chembe. Baba anakubali. Kwa hiyo yule mshenga aliyeharibu posa ya mwenzake, ya kwake inapita, naye anakufa kabla haijatimia. Radha anafunga dirisha. Bibi, aliyefiwa na mume akiwa na miaka 31 na hakuolewa tena, kwenye sehemu za Radha alikuwa hasemi lolote, na mjomba alijua asitafsiri.

Kuhusu mapenzi nje ya kamera yamesemwa mengi na nitapita haraka. Amitabh Bachchan na Jaya Bhaduri, yaani Jai na Radha, walikuwa wameoana mwaka 1973. Dharmendra, yaani Veeru, inasimuliwa kwamba aliwahonga vijana wa taa waharibu picha ili arudie kumkumbatia Hema Malini. Mwaka 1980 wakaoana. Wimbo wa pikipiki wa urafiki, ambao ulichukua siku 21 kupigwa na ambao kila harusi ya Kihindi niliyowahi kualikwa imeupiga, nakiri siupendi sana. Marafiki wa kweli hawaimbi kwamba ni marafiki.

Salim na Javed waliachana mwaka 1981, baada ya filamu zaidi ya 20. Hapakuwa na ugomvi wa hadharani. Javed akageukia kuandika nyimbo, Salim akaandika peke yake kwa muda, na kwa miongo mingi waandishi wa habari waliuliza kulikoni wakapewa majibu ya adabu. Mwaka 2024 ulipotoka mfululizo wa makala ya maisha yao, Angry Young Men, walikaa jukwaani pamoja, mmoja ana miaka 88 na mwingine 79. Nilitazama kipande hicho mara kadhaa. Nilikuwa natafuta kama watatazamana.

Mwaka jana nilikwenda Morogoro kwa msiba wa mtu mwingine kabisa. Kwenye kundi la akina mama waliokuwa wakimenya vitunguu nilimwona yule shangazi. Nilitaka kuzunguka nyuma ya turubai. Akanipungia kisu, nikaenda, nikamwamkia, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Tukazungumzia marehemu, mvua, bei ya mchele. Kisha, bila kubadili sauti, macho yako kwenye vitunguu:

"Mwanangu, siku ile kweli hukujua?"

"Nilijua, shangazi."

Akamenya kitunguu kimoja mpaka kikaisha, akachukua kingine. Akaniuliza kama nimekula.